Ugonjwa Ukiingia Mjini, Je, Kumbi za Kulia Chakula Zifungwe?

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, mkazi wa mjini hali chakula chake chote nyumbani kwake. Mfanyakazi wa kiwandani hutoka alfajiri kabla moto haujawashwa. Karani wa ofisini hana jiko. Dereva na utingo wake hawajui saa sita itawakuta kituo gani. Wote hao hulishwa na watu wengine: mama lishe kwenye kibanda chake, mwenye mgahawa pale kona, au hoteli kubwa yenye vitambaa juu ya meza. Kwa hiyo linapozuka swali la kufunga mahali pa kulia chakula wakati wa maradhi ya kuambukiza, swali hilo si la matajiri wapendao kula nje jioni. Linamhusu kila mwenye kibarua mjini, na kila mwenye kuishi kwa kumlisha.

Wengi wetu tunakumbuka jinsi swali hilo lilivyotuzukia ghafla mwaka 2020. Tarehe 11 Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima. Na hali ya dharura ya kimataifa iliyotangazwa kwa ajili ya ugonjwa huo haikuondolewa hadi tarehe 5 Mei 2023. Katika muda huo wa miaka mitatu na ushei, nchi nyingi zilifunga kumbi za migahawa, zikazifungua, kisha zikazifunga tena. Wako walioshukuru na wako waliolia. Leo mambo yametulia, na huu ndio wakati hasa wa kulizungumza jambo lenyewe, kwa maana nyumba ikishika moto hakuna anayepata nafasi ya kujadili ndoo zingewekwa wapi.

JIRANI WAWILI, NJIA MBILI

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Tanzania ilifuata siku tatu baadaye, tarehe 16 Machi. Tangu hapo majirani hawa wawili, ambao chakula chao cha mchana kinafanana sana, walishika njia mbalimbali.

Nchini Kenya, kabla mwezi huo haujaisha, baa zilikuwa zimefungwa na migahawa imeamriwa isiketishe mtu, bali iuze chakula cha kufungiwa ambacho mteja huondoka nacho. Tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 27 Aprili, serikali ilitangaza kwamba migahawa inaweza kufunguliwa kwa masharti: wahudumu wapimwe virusi kwanza, mteja apimwe joto mlangoni, wakaaji watengane, na ule utaratibu wa kila mtu kujipakulia mwenyewe kutoka meza moja ukomeshwe. Mwezi Julai, maambukizo yalipozidi, uuzaji wa vileo ndani ya migahawa ukapigwa marufuku.

Mwaka uliofuata mambo yalirudi nyuma. Mwezi Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliwaeleza wananchi kwamba katika kila watu 100 waliopimwa mwezi Januari, wawili walikutwa na virusi, lakini kufikia Machi idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi 22. Kuanzia tarehe 26 Machi wakazi wa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru walizuiwa tena kula ndani ya migahawa. Zuio hilo liliondolewa mwanzoni mwa Mei, na amri ya kutotoka nje usiku ikafutwa tarehe 20 Oktoba 2021.

Kwetu Tanzania shule zilifungwa kuanzia tarehe 17 Machi 2020, vyuo vikafuata, na mikusanyiko mingi ikasimamishwa. Lakini nchi haikufungwa, na watu waliendelea kula katika hoteli na vibanda. Ndoo za maji zenye koki, na sabuni pembeni, ziliwekwa milangoni. Hesabu za wagonjwa zilikoma kutangazwa mwishoni mwa Aprili 2020, zilipokuwa zimefikia 509, na hazikurejea hadi mwaka 2021. Kwa sababu hiyo, yule asemaye kwamba sisi hatukufunga na wala hatukudhurika, na yule asemaye kwamba tungefunga tungeokoa maelfu, wote wawili wanapima mchele bila mizani. Anayetaka jibu hana budi kutazama mahali ambapo watu walichunguza, wakahesabu na kuandika.

MEZA TATU ZA GUANGZHOU

Katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China, palikuwa na mgahawa ndani ya jengo la ghorofa tano lisilo na madirisha, lililopozwa kwa viyoyozi. Tarehe 24 Januari 2020, mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina, familia iliyokuwa imewasili siku moja kabla kutoka Wuhan ilikaa katika ghorofa ya tatu kula chakula cha mchana. Mmoja wao alikuwa na virusi pasipo kujua. Baadaye siku hiyo hiyo alishikwa na homa na kikohozi. Meza mbili za jirani zilikuwa na familia nyingine, ambazo hazikuwa na habari naye. Kati ya meza na meza palikuwa na nafasi ya kama meta moja. Familia moja ilikaa sambamba na mgonjwa huyo kwa dakika 53, ya pili kwa dakika 73.

Haikupita muda mrefu watu 10 wa meza hizo tatu wakawa wagonjwa, akiwamo yeye mwenyewe. Wachunguzi walipofuatilia waliona kwamba kiyoyozi cha upande ule kilikuwa kikisukuma upepo juu ya meza hizo tatu na kuuvuta tena, upepo ule ule ukizunguka pasipo kuchanganyika na hewa mpya kutoka nje. Walaji wengine 73 wa ghorofa hiyo, pamoja na wahudumu wanane, hawakuugua.

Ndugu msomaji, tafadhali shikilia hesabu zote mbili, ile ya 10 na ile ya 73. Ya kwanza inatuonyesha kwamba ukumbi wa chakula unaweza kuwaambukiza watu ambao hawakushikana mikono wala kula sahani moja. Ya pili inatuonyesha kwamba hatari haikuenea sawasawa ukumbi mzima, bali ilifuata njia ya hewa.

Mwezi Juni 2020, huko Jeonju, Korea Kusini, lilitokea jambo la kushangaza zaidi. Mtu aliambukizwa mgahawani akiwa umbali wa meta 6.5 kutoka kwa mgonjwa, na walikuwa pamoja ukumbini kwa dakika tano hivi tu. Naye pia alikuwa amekaa katika mkondo wa upepo wa kiyoyozi. Huko Marekani nako, katika uchunguzi uliotolewa mwezi Septemba 2020 na taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, watu wazima 314 waliokuwa na dalili waliulizwa walikwenda wapi katika majuma mawili kabla ya kuugua. Waliokutwa na virusi walikuwa wametaja kula mgahawani kwa kiasi cha karibu mara mbili kuliko wale ambao hawakukutwa navyo. Uchunguzi huo una upungufu wake, kwani haukuwatenganisha waliokula ndani na waliokula nje kwenye hewa.

Sababu yenyewe si ngumu kuielewa. Virusi hivi husafiri katika pumzi. Mtu akizungumza, akicheka au akiimba, hutoa chembechembe ndogo mno za mate. Zile kubwa huanguka upesi, lakini zile ndogo huelea hewani kama moshi wa sigara katika chumba. Dukani unaweza kununua sabuni ukiwa umevaa barakoa, ukaondoka baada ya dakika tatu. Mgahawani huwezi kula pasipo kuvua barakoa; na ukishakula unakaa, unazungumza, na redio ikiwa juu unapaza sauti zaidi. Basi ukumbi wa chakula unakusanya mambo manne pamoja: midomo iliyo wazi, muda mrefu, sauti kubwa na hewa iliyofungiwa. Mahali pengine pengi pana moja au mawili kati ya hayo. Pachache pana yote manne.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 juu ya hewa ndani ya majengo, lilipendekeza kwamba katika majengo ya umma pawe na angalau lita 10 za hewa mpya kwa kila mtu kwa kila sekunde. Ni kipimo cha kitaalamu, lakini maana yake kwa mtu wa kawaida ni nyepesi: ukumbi ambao harufu ya vitunguu vya jana haijatoka, hata pumzi ya jirani yako haitoki.

KIPINDUPINDU NI HABARI NYINGINE

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na kosa lenyewe lina historia yake. Tangu miaka ya 1970 miji yetu imekuwa ikishambuliwa mara kwa mara na kipindupindu. Mwezi Agosti 2015 kililipuka Dar es Salaam na kutoka hapo kikasambaa katika mikoa mingi. Kila kilipozuka, jambo la kwanza tulilolisikia ni marufuku ya kuuza vyakula na matunda yaliyokatwa mahali pa wazi. Mama lishe akafukuzwa kando ya barabara, masufuria yakamwagwa, na hoteli zenye kuta na milango zikaendelea na biashara zake.

Kwa kipindupindu amri ya namna hiyo ina mantiki yake. Kile kijidudu husafiri katika maji na chakula vilivyochafuliwa kwa kinyesi. Mahali pasipo maji safi, pasipo choo, na penye nzi, sahani yenyewe ndiyo yenye hatari. Jirani yako wa mezani hakudhuru chochote kwa kuzungumza nawe. Wala kukufungia chakula hicho ukale nyumbani hakukuokoi hata kidogo, kwa kuwa sumu umeibeba mwenyewe ndani ya mfuko.

Kwa ugonjwa wa pumzi mambo yamegeuka juu chini. Pilau halina kosa. Kosa ni la ukumbi. Chakula cha kufungiwa, ambacho hakina msaada kwa kipindupindu, hapa kinakuwa msaada mkubwa. Na yule mama lishe aliyezoea kufukuzwa kwanza, mwenye benchi mbili za mbao chini ya turubai, pande zote zikiwa wazi na upepo wa barabarani ukipita, huenda ndiye mwenye mahali salama pa kulia kuliko hoteli ya ghorofani yenye vioo na kiyoyozi. Wateja wake hula kwa robo saa, wakalipa, wakaondoka.

Sisemi kwamba kibanda hakina hatari. Saa saba mchana watu husongamana bega kwa bega, na wengine husimama nyuma wakingoja nafasi. Lakini iwapo mkuu wa mji ataamka asubuhi moja na kutoa kwa ugonjwa wa pumzi amri ile ile aliyoitoa kwa kipindupindu, atakuwa ameufunga mlango usio na mwizi na kuuacha wazi ule wenye mwizi.

NJAA NAYO INA KABURI LAKE

Wapo watakaosema: uhai kwanza, fungeni kila kitu. Maneno hayo ni rahisi kwa mtu ambaye mshahara wake unaingia benki kila mwisho wa mwezi, akiwa kazini au akiwa kitandani. Tumfikirie mhudumu wa mgahawa. Mara nyingi hana mkataba wa maandishi. Hulipwa kwa siku au kwa juma, na sehemu ya riziki yake ni zile fedha ndogo anazoachiwa na wateja. Ukumbi ukifungwa leo, kesho hana nauli. Nyuma yake yuko muuza samaki, muuza mkaa, kijana wa kuleta maji kwa mkokoteni, mama wa mchicha. Mnyororo huu wote unashikwa na meza ile moja.

Nchi mbalimbali zilijaribu kulijibu jambo hili kwa namna mbalimbali. Ufaransa ilifunga migahawa yake usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2020, ikaifungua mwezi Juni, kisha ikaifunga tena mwishoni mwa Oktoba hadi Mei 2021, walaji waliporuhusiwa kukaa nje kwanza na ndani baadaye. Lakini mfanyakazi aliyezuiwa kazi yake kwa amri hiyo alilipwa kiasi cha asilimia 84 ya mshahara anaoupokea mkononi, na serikali ikambeba mwajiri. Kufunga kwao kulikuwa kuchungu, lakini kulikuwa na mto wa kuangukia.

Kenya, ambayo haina hazina ya namna hiyo, ilipunguza kodi. Kuanzia Aprili 2020 mfanyakazi mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 za Kenya kwa mwezi alisamehewa kodi ya mshahara, na kodi ya ongezeko la thamani ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Hatua hizo zilikuwa na nia njema, na hapana shaka ziliwasaidia waliobaki kazini. Lakini mhudumu aliyekwisha ambiwa akae nyumbani hana mshahara wa kusamehewa kodi. Msamaha wa kodi humfaa mwenye kipato. Asiye na kipato anahitaji unga.

Uingereza nayo ilikwenda mbio upande wa pili. Mwezi Agosti 2020, baada ya kufungua tena migahawa, serikali iliamua kumlipia mlaji nusu ya bei, isiyozidi pauni 10 kwa mtu, kila Jumatatu hadi Jumatano. Milo zaidi ya milioni 160 ililiwa kwa utaratibu huo, na hazina ikalipa pauni milioni 849. Migahawa ilipata nafuu. Lakini mtaalamu mmoja wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Warwick alikadiria kwamba mpango huo ulichangia kati ya asilimia 8 na 17 ya makundi mapya ya maambukizo yaliyogunduliwa katika muda huo. Makadirio yake yalibishaniwa, kama yanavyobishaniwa makadirio yote. Hata hivyo, jambo moja halihitaji mtaalamu: fedha ile ile ingeweza kumlipa mwenye mgahawa ampikie mteja chakula cha kuondoka nacho, pasipo kumwalika akae ndani.

MPISHI ALIYESAHAULIWA

Katika mjadala wote huu tumezoea kumtazama mteja na mwenye mgahawa. Watu wawili hao wakishapatana tunadhani mambo yamekwisha. Tumemsahau aliye nyuma ya ukuta.

Jikoni mara nyingi ndicho chumba kidogo kuliko vyote, chenye joto kuliko vyote, na chenye dirisha moja lililoziba masizi. Watu watano au sita husimama humo kutwa, mmoja akikata, mwingine akikaanga, wa tatu akiosha vyombo, nao huitana kwa sauti kubwa ili wasikiane juu ya mlio wa mafuta. Barakoa katika joto hilo haivumiliki kwa saa nane. Ukumbi ukifungwa na chakula kikaendelea kufungiwa, mteja amepona, lakini mpishi yuko pale pale.

Huu si wasiwasi mtupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko San Francisco walilinganisha vifo vya watu wa umri wa kufanya kazi katika jimbo hilo kati ya Machi na Oktoba 2020 na vile vilivyotarajiwa katika miaka ya kawaida. Walikuta kwamba miongoni mwa wapishi vifo viliongezeka kwa asilimia 60, na kazi hiyo ikawa mojawapo ya zilizopata pigo kubwa kuliko zote. Sehemu ya msiba huo hapana shaka ilitokana na makazi ya msongamano na usafiri wa umma. Lakini hata tukiipunguza hesabu hiyo, bado inatufundisha kwamba amri inayofunga ukumbi na kuliacha jiko bila sharti lolote imemlinda anunuaye na kumsahau afanyaye kazi.

Kuna jambo jingine la kufikiriwa. Kufunga ukumbi hakufungi tumbo. Mfanyakazi aliyezuiwa kukaa mgahawani atakichukua chakula chake na kukila mahali fulani. Iwapo atakila chini ya mwembe, vizuri. Lakini mara nyingi atakirudisha ofisini, na wenzake sita nao watakirudisha, na wote watakaa katika chumba kimoja cha stoo au chumba chenye kiyoyozi, barakoa mfukoni, wakisimuliana habari za mpira. Hapo tumeuhamisha mgahawa tu, kutoka mahali palipokuwa na mkaguzi wa afya na kuupeleka mahali pasipo na mkaguzi.

BASI TUAMUEJE?

Baada ya kuyapima hayo yote, mwandishi wa makala hii anaona kwamba swali la kufunga au kutofunga limeulizwa vibaya. Linachukulia kwamba mahali pote pa kulia ni pamoja. Ukweli ni kwamba kuna ukumbi uliofungiwa hewa, kuna baraza na kibanda kilicho wazi, na kuna jiko. Kila kimoja kinastahili hukumu yake.

Ukumbi uliofungiwa hewa, wenye kutegemea kiyoyozi, ufungwe pale ugonjwa wa pumzi usio na chanjo wala dawa ya uhakika unapopanda kwa kasi na vitanda vya hospitali vinapokaribia kujaa. Sioni hoja inayoweza kuushinda ushahidi wa meza zile tatu. Lakini ufungwe kwa muda unaotajwa tangu siku ya kwanza, na siku ya kufungua iambatanishwe na hesabu zinazotangazwa wazi, ili mwenye mgahawa ajue anangoja nini. Amri isiyo na mwisho humfanya hata mtu mwema aitafutie mlango wa nyuma.

Kibanda na baraza viachwe vifanye kazi kwa masharti yanayowezekana: benchi zipunguzwe watu, maji na sabuni viwepo, wanaosubiri wasisimame juu ya vichwa vya wanaokula. Tena halmashauri za miji zingeweza kufanya jambo la manufaa kuliko kufukuza: kumruhusu mwenye mgahawa wa ndani atoe meza zake nje, hata kama ni kwa kutumia sehemu ya maegesho ya magari. Miji mingi ya dunia ilifanya hivyo mwaka 2020. Kwetu, ambako mvua ina majira yake na jua ni la mwaka mzima, kukosa hewa ya nje ni kukosa tu mpango.

Jikoni pawekewe sharti la hewa kabla ya sharti la kipima joto. Dirisha linalofunguka na feni inayotoa hewa nje vina faida kuliko kifaa cha kupima joto la paji la uso, kwa kuwa mgonjwa anaweza kuambukiza kabla homa haijapanda. Wapishi wagawanywe zamu zisizochanganyika, ili zamu moja ikiugua nyingine ibaki. Na mpishi mwenye dalili alipwe siku zake za kukaa nyumbani. Tusijidanganye kwamba mtu atakiri kikohozi chake iwapo kukiri huko kutamnyima chakula cha watoto.

Mwisho, anayetoa amri ya kufunga ana wajibu kwa anayefungiwa. Ikiwa jamii yote inanufaika kwa ukumbi kufungwa, si haki gharama yake ibebwe na mhudumu peke yake. Hatuna hazina ya Ufaransa, hilo linajulikana. Lakini kodi ya pango la soko inaweza kusamehewa, ada ya leseni inaweza kuahirishwa, na taasisi zenye kulisha watu wengi, kama hospitali na polisi, zinaweza kununua chakula chao kutoka kwa migahawa iliyofungwa. Huko ni kumpa mtu kazi wakati wa dhiki, na kazi ni bora kuliko sadaka.

NA WEWE MLAJI

Ndugu msomaji, yaliyotangulia ni ya wakubwa na wenye mamlaka. Lakini kuna sehemu yako na yangu, ambayo haihitaji amri ya mtu.

Siku ugonjwa wa pumzi utakaporudi, na historia inaonyesha kwamba magonjwa hurudi kwa majina mapya, utazame mahali unapokula kwa macho mengine. Uliza hewa inaingia wapi na kutoka wapi. Ukipewa hiari ya kukaa ndani penye baridi au nje penye joto kidogo, kaa nje. Kula, kisha toka. Mazungumzo marefu yangoje kivulini. Ukisikia mwili una homa, usiende kula penye watu, hata kama umeahidiana na rafiki. Ukichukua chakula cha kufungiwa, usikikusanyie ofisini watu kumi.

Zaidi ya hayo, usimtupe anayekulisha. Kama umezoea kula kwa mama lishe yule yule miaka mitano, na sasa umeamriwa ukae nyumbani, mpigie simu. Muulize anaendeleaje. Agiza chakula cha familia siku moja katika juma, umlipie mapema kama unaweza. Wakati wa shida yako, mwishoni mwa mwezi, yeye alikupakulia kwa mkopo na kuandika jina lako kwenye daftari. Daftari hilo lina kurasa za pande zote mbili.

Na ninyi wazazi, mtumie nafasi hiyo kuwafundisha watoto tofauti kati ya ugonjwa wa sahani na ugonjwa wa pumzi. Mtoto anayejua kwamba kipindupindu huzuiwa kwa choo, maji yaliyochemshwa na mikono iliyonawiwa, na kwamba mafua makali huzuiwa kwa dirisha lililo wazi, ana silaha mbili. Mtoto aliyeambiwa tu kwamba chakula cha njiani ni kibaya hana hata moja. Atakwepa kibanda chenye upepo, aingie kwenye ukumbi wa vioo, akidhani amepona.

Mji wa watu wanaofanya kazi hauwezi kuishi bila watu wa kuulisha, wala hao hawawezi kuishi iwapo wateja wao wako makaburini. Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa, na zisikilizwe mapema, wakati huu ambapo hospitali zina vitanda na vichwa vyetu vimetulia. Madiwani, maofisa wa afya, wenye hoteli, mama lishe na wafanyakazi wakae pamoja sasa, waandike nani atafunga, lini, kwa muda gani, na nani atalipa. Karatasi hiyo ikishaandikwa na ibandikwe ukutani, pale pale panapobandikwa bei ya wali na maharage, kila mlaji aisome.